Gari la Familia Linapogoma: Lisikilize Kabla Hujampa Fundi Pesa

Barabara ya Bombo kuingia Kampala ina tabia yake. Kutoka kwetu Bombo hadi Matugga unakwenda vizuri, ukifika Kawempe foleni inakukamata, na Bwaise inakumaliza. RAV4 yetu ilikuwa ikichemka hapohapo Bwaise, wiki baada ya wiki. Fundi wa kwanza aliniuzia rejeta. Wa pili akasema pampu ya maji, nikanunua pampu ya maji. Wa tatu, kijana mdogo ambaye kusema kweli sikuwa na imani naye, hata spana hakushika. Aliuliza tu: "Hajati, linachemka likisimama au likikimbia?" (Makka sijafika, lakini gerejini kila mama mwenye mtandio ni Hajati.) Nikamwambia likisimama, nikishatoka kwenye foleni mshale wa joto unashuka wenyewe. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa rilei ya feni, swichi ya umeme inayowasha feni, kitu kidogo kuliko kiberiti. Ndiyo iliyokuwa imekufa.

Swali moja lilishinda rejeta na pampu. Kwa hiyo mwongozo huu hautakufanya fundi. Utakusaidia ufike gerejini ukiwa na jibu la swali kama hilo, na pia ujue saa ya kusimama na saa ya kuendelea ukiwa njiani na watoto.

Anza na simu yako. Tatizo linapotokea, kabla hujampigia mtu yeyote, andika: injini ilikuwa ya baridi au ya moto? Gari lilisimama, lilikimbia, lilipanda mlima au lilikata kona? Sauti inatoka mbele au nyuma, kulia au kushoto? Inabadilika ukikanyaga breki? Kuna harufu gani? Taa gani imewaka? Sauti irekodi, maana gari lina ufedhuli wa kunyamaza likifika mbele ya fundi.

Lijue gari lenyewe

Magari mengi ya familia hapa Uganda yalitumika Japani kwanza, yakashuka Mombasa, yakaingia kwa Malaba au Busia. RAV4, Harrier, Prado, X-Trail, Forester: hizo ndizo utakazoziona kwenye sherehe yoyote ya harusi. Kitabu cha gari, kama kipo, ni cha Kijapani. Langu lilikuja na sauti ya dada wa Kijapani iliyonisemesha kila asubuhi, nami nikidhani ananionya kuhusu injini. Kumbe alikuwa ananikumbusha kuweka kadi ya kulipia barabara za Japani.

Unachohitaji kujua kwa hakika ni aina ya injini yako (herufi na tarakimu kama EJ au 1AZ), na kama inatumia belti ya taimingi au cheni, yaani kile kinachozungusha valvu ziende sawa na pistoni. Forester za zamani zenye injini ya EJ zina belti. Zenye FB zina cheni. Harrier na RAV4 zenye 1AZ au 2AZ ni cheni, lakini Harrier ya V6 ya 1MZ ni belti, na Prado ya dizeli ya 1KZ au 1KD ni belti pia. X-Trail ya QR20 ni cheni. Belti kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ikikatika katika injini kama ile ya Forester, valvu na pistoni hugongana, na hapo unazungumzia injini nyingine. Fungua boneti utafute kibandiko cha Kijapani chenye tarakimu za kilomita. Mara nyingi ndicho kinachoonyesha belti ilibadilishwa lini. Usipokiona, chukulia kwamba haijabadilishwa. Kilomita za dashibodi usiziamini sana, watu wana mikono myepesi.

Linachemka

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi zinapofia.

Mshale ukianza kupanda kupita pale unapokaa siku zote, fanya hivi:

1. Zima AC. Washa hita kwenye joto la mwisho, feni ya ndani kasi ya mwisho, fungua madirisha. Watoto watalalamika. Hita ni rejeta ndogo ya pili, inavuta joto kutoka kwenye injini.

2. Kama mshale haushuki, toka barabarani, weka pembetatu (au matawi mabichi kama kila mtu), zima injini. Ukiwa kati ya Karuma na Pakwach angalia unaposimama, maana barabara inapita ukingoni mwa hifadhi ya Murchison Falls na tembo huvuka wanapotaka.

3. Fungua boneti, lakini kifuniko cha rejeta usikiguse. Maji ya ndani yamebanwa; ukikifungua yanaruka usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika paipu ya juu ya rejeta kwa kiganja bila kuiachia.

4. Wakati unasubiri, tazama. Chini kuna tone? La rangi ya waridi, nyekundu au kijani lenye harufu tamu ni kulanti, dawa ya kupoza injini. Tone la maji safi chini ya kiti cha abiria ni la AC, usihangaike nalo. Paipu imepasuka? Belti ya feni bado ipo?

5. Injini ikishapoa, funika kifuniko kwa kitambaa, kizungushe polepole, ongeza maji kidogokidogo. Maji baridi yakimwagwa ghafla kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi.

6. Washa na uende taratibu. Likichemka tena baada ya kilomita chache, simama moja kwa moja, uita gari la kukuvuta. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko ya injini.

Jambo moja linalodanganya wengi: mshale uliokuwa juu ukianguka ghafla hadi baridi, gari halijapona. Maji yameisha, na sensa sasa inapima hewa.

Sasa uchunguzi, na hapa lile swali la kijana linarudi. Likichemka kwenye foleni na kupoa barabarani, tatizo ni hewa: feni, mota yake, fyuzi au rilei. Pima mwenyewe: gari likiwaka, washa AC uende mbele uangalie, feni za umeme zinatakiwa kuzunguka. Prado na Pajero nyingi zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito. Injini ya moto ikizimwa na feni hiyo bado inazunguka kwa kidole bila ukinzani wowote, klachi imekwisha.

Likichemka mlimani au ukikimbia, huku kwenye foleni halina neno, tatizo ni rejeta kutopoza au maji kutozunguka vya kutosha. Rejeta imeziba ndani kwa kutu, au mapezi yake yamejaa matope na mbegu za nyasi. Au thamostati (mlango mdogo unaofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto) imekwama, au pampu imechoka. Injini ikiwa ya moto kabisa na paipu moja ya rejeta bado baridi, shuku thamostati.

Likipoteza maji na chini hakuna hata tone, omba Mungu isiwe gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloki na kichwa cha injini), kisha uangalie kama ndiyo. Chomoa kijiti cha oili na fungua kifuniko cha kujazia oili: ukiona kitu kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta kisha mtu awashe. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya injini inayopenya. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unaoendelea hata injini ikishapata joto ni dalili nyingine. Forester za EJ25 zina sifa ya kuvuja gasketi, na injini ya Toyota ya 2AZ ya miaka ya mwanzo ya 2000 inajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloki. Ukiwa na mojawapo, kagua maji kila Jumamosi.

Kuna ugonjwa mmoja wa gereji zetu lazima niuseme. Gari likichemka, fundi anang'oa thamostati na kuitupa. "Huku ni Afrika, joto lipo, hii ya nini?" Thamostati hufunguka karibu na nyuzi 80, kabla ya hapo inaacha injini ipate joto haraka. Ukiitoa, kompyuta inaona injini ni ya baridi muda mrefu na kuzidisha petroli, oili haipati joto lake, na kilichosababisha kuchemka bado kipo palepale. Umenunua ulaji wa mafuta tu. Mwambie aweke mpya.

Na maji ya bomba? Kwa dharura, sawa. Kwa kudumu, hapana. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu 2,000. Maji matupu Kabale huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kinachookoa gari ni kulanti pamoja na kifuniko cha rejeta kinachobana presha. Kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1 juu yake hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Mpira wake ukikauka, gari linachemka huku rejeta yenyewe ni nzima. Kifuniko ni rahisi kuliko kila kitu kingine nilichotaja, kwa hiyo anza nacho.

Haliwaki

Zungusha ufunguo usikilize. Kuna majibu manne, na kila moja lina njia yake.

Ukisikia "tatatata" ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, ni betri au vichwa vyake. Tazama vichwa kwanza: unga mweupe au wa kijani ukiganda pale, umeme haupiti. Fungua, mwagia maji ya moto yenye magadi ya kuokea, sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza. Nimeona watu wakinunua betri mpya kwa sababu ya unga huo. Kama una mita ya volti: 12.6 ni betri iliyojaa, chini ya 12 imekwisha chaji. Gari likiwaka inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.4 hivi, ikibaki 12 na kushuka, altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) haichaji na betri haina kosa.

Ukisikia "ta!" moja nzito na taa kubwa zinabaki kali, betri ni nzima, ni stata, mota inayozungusha injini iwake. Katika Toyota nyingi kinacholika ni vipande vya shaba ndani ya swichi yake. Fundi wa umeme anaweza kubadilisha vipande hivyo peke yake; ukiambiwa ununue stata nzima, uliza kwanza.

Kimya kabisa: weka gia N badala ya P, kanyaga breki, jaribu tena. Likiwaka kwenye N, swichi ya gia ndiyo imechoka. Angalia pia taa ndogo ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo, huenda gari halijautambua ufunguo.

Linazunguka vizuri ila haliwaki: ni petroli au moto wa plagi. Katika Nissan na Subaru nyingi, ukifungua ufunguo bila kuwasha utasikia mvumo mfupi kutoka kwenye tangi, ndiyo pampu. Toyota nyingi za umri huo husubiri stata izunguke ndipo pampu ifanye kazi, kwa hiyo ukimya huo usikufanye ununue pampu. Ukiwa na X-Trail ya zamani inayozima ikiwa moto na kuwaka tena baada ya kupoa kama saa moja, mwambie fundi aanze na sensa za krenki na kamu, zinazoiambia kompyuta injini imezunguka hadi wapi. Huo ni ugonjwa wa ukoo wao.

Kubusti betri kuna mpangilio, usiufanye kwa kubahatisha. Waya mwekundu kwenye + ya betri iliyokufa, kisha + ya betri nzima. Mweusi kwenye – ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake, kwa sababu betri hutoa gesi na cheche ya mwisho haifai kuwa karibu nayo. Acha gari lenye betri nzima liwake dakika 5, kisha washa lako. Toa waya kwa mpangilio wa kinyume.

Na tafadhali, waache vijana wa stendi wapumzike. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna presha, matairi hayawezi kuizungusha. Nimewahi kuona wanaume sita wakisukuma Harrier kutoka kituo cha petroli hadi msikitini, kwa nia njema kabisa.

Taa za dashibodi

Nyekundu ya kopo la oili: zima injini sasa hivi, si ukifika mbele. Kagua kijiti. Kukiwa na oili ya kutosha na taa bado inawaka, usiwashe tena.

Taa ya betri ukiwa unaendesha ni altaneta au belti. Belti ikiwa imekatika, katika magari mengi pampu ya maji na usukani navyo vimekwenda nayo, kwa hiyo tazama mshale wa joto.

Taa ya njano ya injini ina lugha mbili. Ikiwaka na kutulia, endesha kwa upole ukasomewe kompyuta. Ikipepesa huku gari linatetemeka, injini inamisi: petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti, kichujio cha moshi kwenye ekzosti. Punguza, simama. Mara nyingi ni plagi au koili moja. Fundi anaweza kujua silinda ipi kwa kuhamisha koili kutoka moja kwenda nyingine na kuona kama tatizo linahama nayo. Hakuna haja ya kununua nne. Akikusomea kompyuta, taka namba ya kosa, uiandike. Namba inasema kompyuta imeona nini. Haisemi ubadilishe nini. Sensa ya oksijeni inaposhtaki mchanganyiko wa hewa na petroli, huenda inasema kweli na aliyekosa ni paipu ya hewa iliyopasuka.

Ya breki nyekundu: brekimkono haijashuka, au mafuta ya breki yamepungua. Usijaze tu ukaondoka. Mafuta yanashuka kwa sababu pedi zimelika au kuna mahali panavuja.

Sauti za chini

Moramu na mashimo vinakula gari kutoka chini. Rudi kwenye ile orodha ya simu yako, kwa sababu hapa wakati wa sauti ndio ugonjwa wenyewe.

Kugonga "kong kong" kwenye mashimo madogo, mwendo mdogo: anza na linki za stabilaiza, kisha bushi za mikono, kisha boli jointi (kiungo kinachoshika tairi). Linki ni za bei ndogo na ndizo hufa kwanza. Boli jointi usicheze nayo. Ikichomoka, tairi linalala ubavu na gari linakaa chini. Shokapu iliyokufa haigongi sana, inakuyumbisha: bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachie. Likidunda zaidi ya mara moja na nusu, au ukiona oili imetiririka kwenye shokapu, imekwisha. Nunua mbili, kulia na kushoto.

"Ka-ka-ka-ka" ukikata kona usukani ukiwa umezungushwa mwisho: jointi ya CV, kiungo kinachozungusha tairi hata likikunjwa. Kila unapoosha gari, chungulia mpira unaoifunika. Ukipasuka ukauona mapema, unabadilisha mpira na grisi. Ukichelewa, vumbi la moramu likichanganyika na grisi linasaga jointi kama jiwe la kusagia.

Mvumo unaoongezeka na mwendo, kama ndege iko mbali: bearingi ya tairi, au tairi lililolika vibaya. Mahali salama, yumbisha gari kidogo. Ukikunja kushoto uzito unahamia kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, bearingi ya kulia ndiyo mshukiwa.

Usukani ukitetemeka ukifika 80 hadi 100, kafanye balansi. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, ni diski. Gari likivuta upande mmoja, pima upepo wa matairi kwanza kabla hujalipia alaimenti.

Kwa wenye Forester na wengine ambao injini huzungusha magurudumu yote manne muda wote: matairi manne yawe ya saizi moja na yawe yamelika kwa kiasi kinachokaribiana. Tairi moja jipya pamoja na matatu yaliyochakaa linazunguka tofauti na wenzake, na difrenshali ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hadi ife.

Breki na mteremko wa Karuma

Kila Idi tunakwenda Koboko kwa wazee. Ukitoka Kafu barabara imenyooka, watoto wamelala, halafu ghafla unashuka kuelekea daraja la Karuma, nyani wamekaa kando wanasubiri ndizi. Madereva wa malori wanaufahamu mteremko huo vizuri kuliko sisi. Kabla hujaanza kushuka, toa gia D, weka 3, 2 au L, injini ishike gari, na breki ukanyage kwa vipindi, si kuilalia. Hivyohivyo Sipi ukishuka kutoka Kapchorwa, na milima ya Kabale.

Ukisikia harufu ya kuungua na pedali inazama, breki zimepata moto. Simama mahali pa usalama zipoe, usizimwagie maji. Harufu ikitoka tairi moja tu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Lile lenye joto kuliko yote lina kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyokwama, kwa kawaida pini zake zimekauka kwa vumbi. Kuzisafisha na kuzipaka grisi ya joto kali kunatosha mara nyingi.

Pedali laini siku zote, inayoshika ukipampu, ina hewa au inavuja. Inayozama polepole ukiwa umeikanyaga kwenye taa za barabarani, masta silinda, pampu ya breki, inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Hizo mbili hazisubiri kesho. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili hivi hata kama pedi ni mpya.

Gia, moshi, petroli, mafuriko

Gia: usimruhusu mtu aweke mafuta "yanayofanana". Toyota za T-IV ni T-IV, za WS ni WS. X-Trail yenye CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) inataka NS-2 au NS-3 kulingana na giaboksi yake, na mafuta ya kawaida ya otomatiki yataiua. Ukiweka D na gari likasita sekunde mbili tatu kabla ya kushika, au mafuta yakinuka kuungua, nenda kwa fundi wa giaboksi, si wa injini.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli nyingi au hewa kidogo. Kagua kichujio cha hewa, hasa kama unaishi kwenye vumbi. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi unaopotea ni mvuke tu.

Gari likianza kumisi saa moja baada ya kujaza tangi, shuku petroli kabla ya plagi. Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia na petroli ikapaa, watu walinunua kwenye jerikeni popote walipoipata, na gereji zikapata kazi ya kusafisha matangi. Hifadhi risiti.

Mvua kubwa Kampala, maji ya Bwaise au ya Clock Tower yakipita nusu ya tairi, geuza. Gari likizima ndani ya maji, usiliwashe. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, stata inaweza kukunja fimbo za pistoni. Livutwe, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza.

Kwa fundi na kununua spea

Spea za Kampala ni Kisekka na Ndeeba. Utakuta kitu kilekile kwa sura tatu: halisi kipya, kopi, na kilichotumika Japani. Kwangu mimi, altaneta au stata iliyotumika Japani naipendelea kuliko kopi mpya, lakini pedi, boli jointi na belti sinunui vilivyotumika. Nenda na kipande cha zamani mkononi, ulinganishe namba iliyochorwa juu yake, uhesabu mashimo na meno. Hicho cha zamani, kizima au kibovu, urudi nacho nyumbani. Kama hakipo, huna uhakika kwamba kilibadilishwa.

Mweleze fundi dalili, usimpe jina la ugonjwa. Ukisema "nataka pampu ya maji," atakufungia pampu ya maji, na kosa ni lako. Sema linafanya nini na lini. Akitaja kipande, muulize: "Umejuaje?" Mwenye kujua atakuonyesha kwa kidole. Mwenye kubahatisha atakuambia ana miaka ishirini kwenye kazi hii.

Kisha mlipe akishajaribu gari palepale tatizo linapotokea, si kuzunguka gereji mara moja. Yule kijana wa rilei nilikwenda naye mpaka Bwaise saa kumi na moja jioni, foleni imeshona, AC imewashwa. Tulikaa dakika 40 tukitazama mshale. Haukusogea. Alinidai pesa ya muda, nikampa.